YAH: SENSA (KIHISI) YA NNE, LORI LINALOTAMBAA NA DHARAU ALIYOFANYIWA DEREVA WANGU

Ndugu Meneja wa Huduma,

Salamu. Namba ya lori mnayo, na waranti mliiandika wenyewe, kwa hiyo sitawachosha kwa kuwasomea vifungu vyake.

Jumanne ya wiki mbili zilizopita kompyuta ya lori ilishusha mwendo hadi kilomita 20 kwa saa, tela likiwa limejaa. Dereva wangu alitambaa saa mbili kuja kwenye karakana yenu, taa za hazadi zikiwaka, watu wakimpigia honi. Akaingia na kidumu cha urea, ile dawa ya maji ya kusafisha moshi wa eksozi, ile ile aliyotia kwenye tangi lake, akaomba ipimwe. Kijana wenu wa mapokezi hakukigusa. Alikisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu, akasema: "Mzee, malori ya kompyuta si ya umri wako." Kisha akaandika kwenye fomu: urea chafu, waranti haihusiki.

Chafu kwa kipimo gani? Kifaa chake ni cha kushika mkononi. Tone moja kwenye kioo, unachungulia kwenye mwanga, unasoma kama urea ni asilimia 32.5 au siyo. Sisi tuliipima jioni ile ile: 32.5. Na fundi wenu mwenyewe, ambaye namshukuru kwa ukweli wake, alikuta sensa ya gesi za naitrojeni kwenye eksozi ndiyo iliyokufa. Ya nne hiyo ndani ya miezi 14. Mbili za mwanzo nimezilipia mimi.

Mliponiuzia mlinihesabia dizeli nitakayookoa. Hamkuhesabu kwamba kila lita 100 za dizeli lori litakunywa na kama lita tano za urea. Wala kwamba chujio la masizi hujichoma lenyewe likipata safari ndefu yenye joto, na likikatizwa linadai tuegeshe, injini ingurume nusu saa na zaidi, dizeli iteketee bila gurudumu kuzunguka. Sipingi moshi kupunguzwa. Kifua ninacho mimi pia. Ila sensa ya ukubwa wa plagi kusimamisha mzigo mzima wa watu, hapana.

Narudi kaunta, maana ndiko kunakoniuma. Mtu ana miaka 31 kwenye usukani, hajalala. Anaweka kidumu juu ya kaunta kwa mikono miwili, kama anayekabidhi amana, na kijana ambaye angeweza kuwa mwanawe anakisukuma kwa kalamu kama panya aliyekufa, mbele za wateja. "Si ya umri wako." Mzee hakujibu. Alichukua kidumu chake akatoka. Mimi nimeambiwa siku tatu baadaye, na alikuwa anaangalia chini akinieleza.

Nilipoanza barua hii nilitaka fedha za sensa mbili tu. Sasa nataka na malipo ya siku tano lori liliposimama, fomu ile irekebishwe, na kijana wenu amwombe radhi mzee kwa mdomo, kwenye kaunta ile ile.

Nawapa siku saba. Za kalenda, si za kazi. Zikipita, wakili wangu atawaandikia, na lori nalirudisha na kulipaki mbele ya lango lenu. Kama kompyuta italifunga mwendo tena litachelewa njiani, lakini litafika.

Wenu,
Mmiliki wa lori