Mpini wa bomba usiitwe feki

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mpini wa upanga wa mwanga, ule wa kwenye filamu za Star Wars, ukitengenezwa kwa kipande cha bomba la alumini basi ni feki, eti wa kweli ni ule tu uliotoka kwenye flashi ya zamani ya kamera. Nimeisoma ile barua na kuirudia, na kwa heshima zote sikubaliani nayo hata kidogo, manake kuna vijana na hata watu wazima wenye tupa na msumeno nyumbani ambao wakisoma maneno kama yale wanaweka vyombo chini kabla hata hawajaanza, na hilo linaniuma kweli.

Tuanzie huko huko kwenye asili anakokutaja yeye. Filamu ya kwanza ilitoka 1977 na waliotengeneza vifaa vyake hawakuwa na hela ya kuchezea, kwa hiyo walikuwa wanaokoteza. Roger Christian, aliyekuwa mpambaji wa seti, alikuta vishikio vya flashi za Graflex kwenye duka la vifaa vya picha London, zile flashi za Kimarekani walizokuwa wakitumia wapiga picha wa magazeti enzi hizo, ndefu, za kung'aa, zinaingia betri tatu kubwa ndani. Akachukua vipande vya ukanda wa plastiki nyeusi akavibandika kwa gundi kuzunguka kishikio, pale kwenye kibano kinachozunguka kishikio hicho ukaenda ukanda wa vioo vidogo vya kalkuleta, chini ikawekwa pete ya kuning'iniza mkandani, basi huo ndio mpini wa Luke, kijana shujaa wa filamu ile, ambao leo watu wanautetea kama masalia matakatifu. Wa mzee Obi-Wan, mwalimu wake, ndio kabisa: mna kipande cha bomu la kurushwa kwa bunduki la Waingereza, mna kipande cha bunduki ya rasharasha, mna kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce, halafu mna kichwa cha koki ya sinki, yaani koki hizi hizi za kunawia mikono. Wa Vader, adui yao, ukatokana na flashi nyingine ya Kiingereza iitwayo MPP. Na wala haikuonekana kazi ya ovyo, Christian na wenzake walichukua tuzo ya Oscar kwa ajili ya seti za filamu ile.

Sasa naomba huyo ndugu anisaidie: mtu aliyeoanisha bomu na koki akapata kitu kinachoaminika mkononi mwa mwigizaji, alikuwa analinda uasilia wa nini? Alikuwa anatafuta umbo, uzito na jinsi chuma kinavyoshika mwanga. Anayekaa chini na paipu, akapima, akakata, akapiga tupa mpaka umbo likatokea, anafanya kazi ya ukoo ule ule, tena yeye kazidi, kwa sababu mwenzake alikuta kishikio tayari na yeye hakukuta kitu.

Kuna jambo jingine barua ile haikuligusa kabisa. Zile flashi hazitengenezwi tena, miaka mingi sasa, zilizobaki duniani ndizo hizo hizo, na kila moja ikishatobolewa na kubandikwa plastiki kuna kamera ya zamani mahali imebaki bila flashi yake. Wanaozitunza kamera zile wanalalamika na mi nawaelewa, kile ni kifaa kilichopiga historia, halafu tunakikata ili kifanane na kitu cha kwenye filamu! Paipu la alumini halimnyang'anyi mtu chochote.

Nije kwenye kazi yenyewe, manake wanaosema feki wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya jiliwa, kile chombo cha kubania chuma mezani, wakaona kinachofanyika.

Paipu la kutafuta ni la alumini lenye kipenyo cha nje cha milimita 38, ndiyo inchi moja na nusu, linakaa vizuri kiganjani na ndiyo saizi iliyo karibu sana na zile flashi. Urefu sentimita 28 hivi unatosha. Alumini ina uzito wa kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, haili kutu, na tupa inaipenda. Paipu za kiti au kitanda zilizopakwa kromu zinavutia macho lakini mi sizishauri, ukuta wake mwembamba na ile kromu ukiianza kwa msasa inabanduka vipande vipande na vumbi lake sio la kuvuta. Za mabati, zile zenye zinki juu, usizipashe moto wala kuzichomelea ndani ya nyumba, moshi wa zinki unamletea mtu homa na kutetemeka usiku kucha.

Unene wa ukuta ndio watu wanaupuuza halafu kazi inawafia mkononi. Mpini huu una skrubu nyingi ndogo, na skrubu ya M4, yaani ya milimita 4, tredi yake moja, yaani mzunguko mmoja wa meno yake, inachukua milimita 0.7. Ukuta ukiwa wa milimita 1.5 unapata tredi mbili tu, ukikaza kidogo zinang'oka zote, ukiwa wa milimita 3 unapata nne na hapo unaweza kufungua na kufunga unavyotaka. Kama umepata jembamba na huna lingine, weka pete nene kwa ndani pale skrubu inapopita, itasaidia.

Kuweka alama kwenye kitu cha duara kunawatisha wengi na wala hakuna cha kutisha. Kata ukanda wa karatasi ulionyooka, uzungushie paipu, kingo za karatasi zikikutana sawasawa basi mstari wako umenyooka, pitisha kalamu hapo na ndio pa kukatia. Ukanda huo huo ndio utakaogawa vile vipande vyeusi vya kushikia: mzunguko wa paipu la 38 ni milimita 119 na ushee, ukitaka vipande sita huna haja hata ya kupiga hesabu, kunja karatasi nusu, halafu hiyo nusu ikunje sehemu tatu sawa, ifungue, mikunjo yote ndiyo alama zako, inakuja kama milimita 20 kila moja. Halafu ile mistari ya kwenda chini, chukua kipande cha chuma cha pembe, kilaze juu ya paipu, chenyewe kitakaa sambamba nalo, kwaruza kando yake kwa msumari uliochongwa ncha. Hapo una ramani kamili juu ya chuma na hujatumia mashine yoyote.

Kukata nako usikate kama unakata mti, moja kwa moja mpaka chini. Kata kidogo, zungusha paipu, kata kidogo, zungusha, msumeno unafuata njia yake wenyewe na mkato unatoka mraba. Tumia wembe wa meno madogo, ule wa meno 32 kwa inchi. Kisha tupa. Alumini ina tabia ya kujaza meno ya tupa, vile vijichembe vikinasa vinachora mikwaruzo mirefu ambayo utakuja kuilipia kwenye msasa, kwa hiyo paka chaki kwenye tupa kwanza, chaki hii hii ya ubaoni, na ipigie brashi kila mara.

Kwenye kutoboa, ingiza kipande cha mti wa duara ndani ya paipu kinachobana vizuri ili ukuta usibonyee, piga panchi, kile chuma cha ncha cha kutia alama ya tundu, anza na biti ya milimita 2, ndipo upitishe ya 3.3 kama unataka tredi ya M4. Tone la mafuta ya taa kwenye alumini linafanya maajabu. Halafu tapu, kile chombo cha kukatia tredi ndani ya tundu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, unasikia kabisa kichembe kinakatika, tk, unaendelea. Mtu mwenye haraka anasukuma mbele tu na tapu inamkatikia ndani ya tundu, na tapu iliyokatikia kwenye alumini kuitoa ni kilio. Zile nafasi ndefu za kwenye kibano zinatoka kwa mstari wa matundu yaliyopangana, unatoa vilivyobaki katikati kwa tupa ndogo, unanyoosha kingo taratibu. Hapa ndipo mkono wa mtu unaonekana, nikishika mpini wa mtu hata kabla sijautazama vizuri huwa napitisha kidole kwenye nafasi hizo.

Usalama wala sitaki kuuzungushia maneno. Miwani ya kazi machoni, barakoa, paipu ibanwe kwenye jiliwa isishikwe kwa mkono, na glovu zivuliwe ukiwasha drili manake biti ikinasa kitambaa inavuta na vidole. Vumbi la alumini lisichanganyike na vumbi la chuma la kwenye grainda, mchanganyiko ule ukipata cheche unawaka moto mkali ajabu, fagia kwanza ndio ubadilishe kazi.

Msasa sasa. Kata ukanda mrefu wa msasa wa kitambaa, upitishe nyuma ya paipu uvute huku na huku kama anayeng'arisha kiatu, anza namba 120, nenda 240, 400, 800, na kila ukipanda namba badilisha mwelekeo ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyopita imekwisha, ikiwa bado ipo usipande. Kuanzia 400 tia maji. Ukimaliza na dawa ya kung'arishia metali paipu lile linakuwa kioo, na mimi hapo ndipo naelewa kwa nini Christian alipokiona kile kishikio dukani hakukiacha. Anayetaka kupaka rangi asing'arishe, rangi haishiki kwenye alumini laini, apake kwanza praima inayong'ata metali. Na gundi hivyo hivyo: alumini ikikwaruzwa inajifunika utando wake mara moja, kwa hiyo kwaruza pale unapobandika, futa kwa spiriti, bandika hapo hapo, sio ukale kwanza ndio urudi.

Kuna wanaochapa mpini wa plastiki kwa printa za 3D na kuupaka rangi ya fedha, na msomaji yule aliwaweka kundi moja na sisi. Siwabezi, kwa kujaribia umbo na vipimo kabla ya kugusa chuma ile plastiki ni msaada mkubwa na mi naishauri. Ila ukishika wa chuma, ile baridi yake inayoisha taratibu na kupata joto la mkono wako, na uzito unaokaa kiganjani, hapo tofauti haihitaji kuelezwa.

Na wale wanaouliza mbona hauna mwanga, hata ule wa kwenye filamu ya kwanza haukuwa na mwanga wa ajabu, ilikuwa fimbo iliyopakwa kitu cha kurudisha mwanga na inazungushwa kwa mota, halafu ule mng'ao wachoraji wakauchora juu yake picha baada ya picha. Ukitaka wa kuwaka, acha ndani nafasi ya bomba la polikaboneti la inchi moja, ile plastiki ngumu ya kupitisha mwanga ambayo ndiyo inakuwa upanga, pamoja na taa na betri, na hapo ukuta wa milimita 3 unakuachia kipenyo cha ndani cha milimita 32, inatosha na pete ya kushikilia.

Ninachoomba kwako mhariri ni kimoja. Mmekuwa mkichapisha picha za kazi za mikono za wasomaji, basi mipini ya paipu nayo ipewe nafasi, na chini ya picha iandikwe imetengenezwa kwa nini na kwa vyombo gani, bila neno feki wala orijino. Na huyo msomaji mwenzangu, kama bado ana flashi yake nzima, namuomba sana asiikate. Achukue kalipa, kile kipimo cha kubana, aipime, kipenyo kila kinapobadilika na nafasi ya kila tundu, avitume vipimo hivyo hapa gazetini, sisi wenye mapaipu tutavifanyia kazi.

Wako,
Msomaji wa kila siku