"Ankara kutoka Machi 1 hadi Machi 31": kwa nini programu yetu ya kutafutia barua pepe haiachi siku ya mwisho

Ritani ya VAT, uwe Tanzania au Kenya, inatakiwa ifike kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Mhasibu anayekusanya ankara kwenye barua pepe hana muda wa kujifunza alama za kutafutia. Anataka aandike "ankara kutoka Machi 1 hadi Machi 31" kama anavyomwambia mwenzake mezani, na zitokee zote.

Zote. Hapo ndipo kazi ilipo.

Programu nyingi za barua pepe huwasiliana na seva, kompyuta inayotunza barua, kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya IMAP. Katika IMAP, agizo la SINCE ("tangu") linahesabu siku uliyoitaja, lakini BEFORE ("kabla ya") linaiacha nje. Mtu akisema "hadi Machi 31", tarehe 31 yenyewe imo. Programu ikipeleka BEFORE 31-Mar-2025, kila ankara iliyoingia siku hiyo haionekani, na mhasibu hataarifiwa kwamba kuna kitu kimekosekana. Ndiyo maana programu yetu hupeleka BEFORE 1-Apr-2025.

Kuna na suala la saa. IMAP inapotafuta kwa tarehe haiangalii saa wala majira ya eneo. Ankara ikikufikia saa nane usiku wa kuamkia Aprili 1, kwa seva inayotumia UTC, saa ya kimataifa, bado ni Machi 31, saa tano usiku, kwa kuwa sisi tumetangulia kwa saa tatu. Kwa hiyo tunaomba siku moja zaidi kila upande, kisha tunachuja wenyewe kwa saa za Afrika Mashariki.

Maneno mengine yana ugumu wake. "Jana" na "mwezi uliopita" hayana utata. "Mwaka wa fedha uliopita" tunausoma Julai 1 hadi Juni 30, kama serikali za nchi zote mbili, ila kampuni yenye kalenda yake inaweza kubadilisha kwenye mipangilio. "Juzi" ni siku moja kabla ya jana, lakini "juzijuzi" inaweza kuwa hata wiki mbili nyuma, kwa hiyo tunachukua siku 14. Na 03/04/2025 kwetu ni Aprili 3, hata kama kompyuta yako imepangwa kwa mtindo wa Marekani.

Kubashiri kimyakimya hatukubali. Juu ya matokeo utaona tarehe tulizozielewa: "Jumamosi, Machi 1 – Jumatatu, Machi 31, 2025". Sisi tunaona mstari huo ni muhimu kuliko ufundi wote wa nyuma yake, maana mhasibu ndiye anayetia saini. Zikiwa si hizo ulizotaka, gusa tarehe, irekebishe, na utafutaji unarudiwa papo hapo.

Huduma inafanya kazi kwenye akaunti yoyote inayokubali IMAP. Kama ofisini kwenu mna namna yenu ya kutaja vipindi, mathalani "robo ya pili" inayoanza Oktoba, tuandikie tuiingize.