Kwa Nini Simo Kwenye Picha za Kuzaliwa Kwako

Mwanangu mpenzi,

Juzi uliniuliza kwa nini simo katika picha za siku ulipozaliwa. Nilikujibu, "Nilikuwa melini," nikaona hukuridhika. Ulistahili jibu refu zaidi.

Mkataba wangu ulikuwa wa miezi 8. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba korona imekuwa janga la dunia nzima, nilikuwa nimebakiza wiki tatu nishuke, na mama yako alikuwa na mimba ya miezi 7. Ningewahi. Lakini mipaka ikafungwa, ndege zikasimama. Baharia wa kunipokea zamu hakuweza kutoka kwao, nami hakuna nchi iliyokubali nikanyage ardhi yake hata kwa safari ya kwenda uwanja wa ndege.

Nilikaa baharini miezi 14, ilhali sheria ya kimataifa ya kazi za mabaharia hairuhusu kufika 12. Mwishoni mwa mwaka ule mabaharia wapatao 400,000 walikuwa wamekwama kama nilivyokwama mimi.

Kilichoniuma hasa ni hiki: mizigo ilipita. Bandari baada ya bandari makontena yalishushwa usiku na mchana, dawa na barakoa zikaenda zao mjini, na sisi tuliozileta tukazuiwa kwenye ngazi ya meli. Mwenzetu mmoja alivimba uso kwa jino bovu. Taa za mji tuliziona, madaktari walikuwamo, naye akabaki kumeza vidonge vya maumivu.

Usidhani napinga kujikinga. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru watu wanaotoka penye tauni wakae mwezi mzima pembeni kabla ya kuingia. Ni kali, lakini mtu alijua siku yake ya kutoka. Sisi hatukupewa siku. Wakimbizi waliokwisha kukubaliwa kuhamia nchi nyingine nao safari zao zilisimamishwa Machi hiyohiyo ya 2020. India, treni zilipokatwa, vibarua walirudi vijijini kwa miguu, mamia ya kilomita, watoto mabegani. Na Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini walipotangaza Omicron, aina mpya ya kirusi cha korona, nchi nyingi zilifunga milango kwa wasafiri wa kusini mwa Afrika, kumbe Uholanzi kirusi kilikuwa kimeshaingia kabla ya tangazo lenyewe. Hilo bado linanikasirisha.

Sasa, ifungue ile albamu. Kuna picha umelala mkekani, na nyuma yako, dirishani, kuna mtu amevaa barakoa. Ulikuwa na miezi 5. Nilikuwa nimeshuka melini, nimepewa karantini ya siku 14, nikalala chumba cha nje na kukutazama kupitia kioo. Siku ya 15 asubuhi nilikubeba.

Baba yako