Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Maisha ya Gavana G. Mennen Williams

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kufunga maonyesho yetu. Mwaka huu tumeyatenga yote kwa mtu mmoja, Gerhard Mennen Williams, gavana wa jimbo la Michigan nchini Marekani kuanzia 1949 hadi 1961, kwa kuwa tunaona anatajwa kwa haraka mno katika habari za uhuru wa Afrika Mashariki.

Alizaliwa Detroit tarehe 23 Februari 1911 katika familia yenye mali. Babu yake mzaa mama ndiye aliyeanzisha kampuni ya Mennen, iliyouza poda na sabuni za kunyolea, na kwa sababu hiyo jina la utani la Soapy, yaani wa sabuni, likamganda maisha yake yote. Alisomea sheria, akatumikia jeshi la majini katika Pasifiki wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1948 akashinda ugavana kwa tiketi ya chama cha Democratic. Muhula ulikuwa wa miaka 2, naye alichaguliwa mara 6 mfululizo.

Alama yake kubwa nyumbani ni Daraja la Mackinac, lililofunguliwa tarehe 1 Novemba 1957. Michigan imekatwa na maji sehemu mbili, na kabla ya daraja hilo la takriban kilomita 8, magari yalivushwa kwa pantoni, huku foleni zikirefuka sana msimu wa uwindaji. Si kila jambo lilimwendea vizuri: mwaka 1959, yeye na wabunge wa jimbo waliposhindwa kuelewana juu ya kodi, hazina ilikauka hata wafanyakazi wa serikali wakacheleweshewa mishahara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu iliyotugusa zaidi ni Februari 1961. Rais Kennedy alikuwa amemteua kusimamia masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje, naye akafika Nairobi wakati Kenya ikiwa katika uchaguzi na Jomo Kenyatta akiwa bado kizuizini. Hapo akasema kwamba Afrika ni ya Waafrika. Walowezi walighadhibika, magazeti ya Uingereza yakamshambulia, naye akafafanua kwamba alimaanisha wote wanaojihesabu kuwa Waafrika, bila kujali rangi. Kennedy hakumkana, aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui Afrika ingekuwa ya nani mwingine. Agosti mwaka huohuo, katika uwanja wa ndege wa Lusaka, mzungu mmoja alimpiga ngumi ya uso, lakini hakuiacha kazi hiyo hadi 1966. Kwetu sisi, uvumilivu huo una uzito kuliko hata daraja.

Baadaye alikuwa balozi nchini Ufilipino, kisha jaji wa Mahakama ya Juu ya Michigan na hatimaye Jaji Mkuu wake. Alifariki tarehe 2 Februari 1988, akazikwa katika kisiwa cha Mackinac, karibu na daraja lile.

Ombi letu ni moja: utusaidie kupata nakala za magazeti ya Nairobi ya Februari 1961, ili tusome wenyewe jinsi maneno yake yalivyopokewa na wenyeji, kwa maana hadi sasa tumesoma zaidi hasira za walowezi.

Tunaomba kuwasilisha.