Maji Yanayopita Mlangoni Kwako: Barua kwa Mwanangu

Pawaga, Iringa

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Huku nyumbani hatujambo sote. Mama yako amemaliza kupepeta mpunga wa mwisho na wadogo zako wamerudi shuleni. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza kuyapanga vizuri maneno niliyoondoka nayo kifuani siku ile nilipokutembelea Ipogolo. Sikuyasema palepale kwa kuwa mwenzako mnayeishi pamoja alikuwepo, na mzazi hapaswi kumwonya mwanawe mbele ya mtu wa nje. Niliona bomba la uani likidondosha maji usiku kucha, maharage yakitokota juu ya jiko la mkaa tangu alasiri mpaka giza likaingia, na lile shimo la nyuma ya nyumba likifuka moshi wa chupa na vifungashio vya plastiki. Najua kwamba ua ni wa wapangaji wengi na si yote yaliyo mikononi mwako, lakini yaliyo mikononi mwako si haba, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze.

Mto unaopita hapo Ipogolo ni Ruaha Mdogo. Unaanzia katika nyanda za juu za Mufindi, unapita Iringa mjini, kisha unashuka mpaka kwetu Pawaga, ambako tunaufungulia mifereji ya mpunga, ndipo ukaungane na Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera. Kwa hiyo maji unayoyaona wewe leo ndiyo tutakayoyaona sisi baadaye, yakiwa na kila kitu mlichoyatia huko juu. Nilikuwa kijana mwaka 1993, Ruaha Mkuu, mto ambao wazee wetu waliujua kuwa hautiririki kwa msimu bali mwaka mzima, ulipoacha kutiririka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wakati wa kiangazi, na viboko wakabaki wamebanana katika madimbwi. Tangu hapo kukatika kwake kumekuwa jambo la kujirudia. Chanzo kinachotajwa zaidi ni maji mengi kuchepushwa kule bonde la Usangu, upande wa juu wa mto, kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji, yaani na wakulima wa mpunga kama mimi, na ndiyo maana sikuandikii kama mtu aliye nje ya lawama.

Nianze na bomba. Usiku ule nilipoamka niliweka chini yake ndoo ya lita 20, na kulipopambazuka maji yalikuwa yamefika karibu robo, ingawa mimi niliamka saa nane na nusu za usiku. Tone moja kila sekunde linatosha kuijaza ndoo hiyo kwa siku moja, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 7,000, maji ambayo yamesafishwa, yamesukumwa kwa umeme na yamelipiwa, kisha yakaishia kwenye matope ya uani. Bomba la namna ile mara nyingi limechakaa kipira tu ndani ya koki, na kipira hicho ni kitu cha bei ndogo dukani. Usingoje mwenye nyumba aje aone mwenyewe. Mwambie, na akichelewa changeni wapangaji mkibadilishe. Maji ya kusuuzia nguo yawekeni katika ndoo yake, yatumike kudekia na kumwagia choo, ila yale ya povu la kwanza usiyapeleke kwenye mboga.

Nawaomba pia msifulie ukingoni mwa mto, hata kama majirani wanafanya hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, lakini mimi sikujifunza jambo hili kutoka kwenye sheria. Miaka mingi nilikuwa nikisuuza bomba la kunyunyizia dawa katika mfereji wetu, kwa kuwa maji yalikuwa karibu na jua lilikuwa kali. Siku moja mama mmoja wa shamba la chini alinikuta nikifanya hivyo, na mkononi alikuwa ameshika dumu la maji ya kunywa aliyoyachota hatua chache tu kutoka pale. Hakunigombeza. Alilimwaga dumu lake lote chini, akarudi nyumbani bila maji. Tangu siku ile nasuuza bomba mbali na mfereji, na maji yake nayamwagia shambani palepale nilipopulizia, na kila ninapofungua mlango wa maji namkumbuka yule mama.

Sasa maharage. Hapa nitasema mengi, kwa sababu jiko ndilo linalokula fedha zako, mapafu yako na misitu yetu kwa pamoja. Kwa tanuri la udongo ambalo wachomaji wengi hutumia, kilo moja ya mkaa huhitaji takriban kilo 8 hadi 10 za kuni. Gunia moja la kilo 50, kwa hiyo, lilikuwa kilo 400 au zaidi za miti, nayo ni miti ya miombo ambayo mizizi na majani yake yalikuwa yakiyapokea maji ya mvua na kuyaingiza ardhini taratibu badala ya kuyaacha yaporomoke na udongo. Ukiloweka maharage jioni kabla ya kulala, ukamwaga maji hayo asubuhi na kuweka mengine, utapunguza sana muda wa kuyapika. Kisha kuna kapu la joto, ambalo mama yako analitumia hapa kila juma. Chukua kapu kubwa, litandike blanketi kuukuu pande zote, chemsha maharage yako yaliyolowekwa yatokote kwa nguvu robo saa nzima, funika sufuria kwa mfuniko unaobana, liweke ndani ya kapu likiwa bado linatokota, uligubike na mto uliojazwa nguo chakavu. Nenda kazini. Ukirudi utakuta yamelainika, yanahitaji moto kidogo tu wa kuungia. Robo saa ile ya kutokota usiipunguze, hasa kwa maharage mekundu, kwa maana yana sumu ya asili inayoumiza tumbo ambayo huondolewa na maji yanayochemka kwelikweli, wala haiondolewi na joto la kapu peke yake.

Jambo jingine kuhusu mkaa ni baridi ya huko kwenu. Nilisikia mwenzako akisema kwamba mwezi huu watu huingiza jiko ndani ili chumba kipate joto. Mwanangu, nakusihi, msilifanye hilo hata usiku mmoja. Mkaa unaofuka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Vaa sweta, ongeza blanketi, funika nyufa za mlango. Jiko libaki nje.

Ukifika wakati wa kuweza, nunua mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo 6. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na ningefurahi wewe uwe miongoni mwao mapema. Lakini usikope kwa ajili hiyo. Kuloweka maharage hakuhitaji mkopo.

Kuhusu lile shimo, nitasema tunachokiona huku. Mvua za kwanza zinaposhuka, lango la mfereji wetu huziba kwa chupa, mifuko laini ya vifungashio na vipande vya kandambili, na vijana huingia majini kuvitoa kwa mikono. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na tofauti tuliiona, lakini vifungashio bado vinakuja. Kuvichoma si dawa, kwa sababu moshi wake una sumu, mnauvuta ninyi na watoto wa jirani, na majivu yake mvua huyateremsha mtoni. Chupa ziwekeni kwenye kiroba kimoja, muwape wanaozikusanya kwa kuuza kwa kilo. Maganda ya ndizi, viazi na mboga yarundikeni kwenye kona yenye kivuli na kuyachanganya na majani makavu. Baada ya miezi michache yatakuwa mboji, na nimeona hapo uani pana nafasi ya matuta mawili ya mchicha. Betri za tochi zilizokwisha zikusanye kwenye kopo, usizitupe chooni wala shimoni.

Kuhusu usafiri sina la kukuambia, maana kilima cha kwenda mjini unakipanda kwa miguu, nami nilishindwa kukufuata.

Mama yako anakutumia mchele mpya debe moja kupitia basi la Jumamosi. Ameuweka kwenye kitambaa ndani ya kapu la milulu alilolisuka shangazi yako, akasema kapu hilo ni la kwako sasa, uende nalo sokoni. Mimi nitapanda huko mwisho wa mwezi, na nitanunua kile kipira cha koki nikishuka stendi, endapo mtakuwa bado hamjakipata. Kwa hiyo niandikie kabla ya siku hiyo, unijulishe kama bomba bado linadondosha.

Msalimie mwenzako.

Ni mimi baba yako.