Kinanda Chenye Vitufe Vilivyonyamaza Hakijafa

Mteja akituletea kinanda cha umeme na kusema tu "kimeharibika", tunaanza kazi kwa kupapasa. Akisema "kila baada ya vitufe vinane nakuta kimoja kimya", ameshatupunguzia safari ndefu.

Sababu ni kwamba vitufe havina kila kimoja waya wake wa kwenda kwenye prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa kinanda. Vimepangwa kwa makundi, vinagawana njia za shaba zilizochapwa juu ya bodi. Njia moja ikikatika, vitufe vyote vinavyoitegemea vinanyamaza pamoja, kwa mpangilio unaojirudia. Kitufe kimoja pekee kikisumbua ni jambo jingine, na jepesi: mara nyingi ni vumbi kwenye mpira ulio chini yake, wenye kidonge cheusi cha kaboni. Katika vinanda vinavyosikia nguvu ya kidole, kila kitufe kina migusano miwili, na prosesa hupima muda unaopita kati ya mguso wa kwanza na wa pili. Muda ukiwa mfupi, sauti inakuwa kubwa. Ndiyo maana mguso mmoja ukichafuka, noti inaweza kufyatuka kwa kelele hata ukibonyeza kwa upole. Hiyo ni kazi ya kusafisha tu.

Njia za shaba ndizo zenye kazi. Hapa Tanga bahari iko karibu, na hewa yenye chumvi pamoja na unyevu wa masika haviionei huruma shaba. Lakini maadui wakubwa zaidi huwa ndani ya kinanda chenyewe: betri zilizosahauliwa zikavuja, na kapasita za zamani, vile vifaa vidogo vya bodi vinavyotunza umeme kwa muda, ambazo maji yake yanatoka polepole na kusambaa chini yake. Ukitazama kwa lenzi unaona rangi ya bodi imevimba, pembeni pana ukungu wa kijani. Ukigusa kwa ncha ya wembe, shaba inabanduka ikiwa unga.

Hapo fundi mwenye haraka hupitisha risasi ya kulehemu juu ya uchafu, kinanda kinalia wiki mbili, kisha kinarudi kimya. Sisi tunaondoa kwanza kapasita iliyovuja, tunasafisha bodi kwa spiriti ya asilimia 99 kwa sababu ile ya asilimia 70 imechanganywa na maji mengi, tunakwangua mpaka shaba ing'ae wekundu wake, ndipo tunapima kwa mita kama umeme unapita toka mwanzo wa njia hadi mwisho. Palipokatika tunaunga waya mwembamba, tunaulehemu pande zote mbili na kuufunika kwa vanishi ili unyevu usirudi. Ni kazi ya subira, na haitakiwi kuharakishwa hata kama ibada ni kesho.

Adapta nayo inaua vinanda vingi. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya plagi. Yamaha nyingi za PSR zinataka volti 12, chanya ikiwa katikati. Plagi zinaweza kufanana na kuingia vizuri tu, huku umeme ukipita kinyume. Ukiwa na bahati, inaungua fyuzi au dayodi ya kinga, vitu vya bei ndogo. Usipokuwa na bahati, madhara yanafika kwenye prosesa. Alama ya duara na nukta iliyochorwa karibu na tundu la umeme ndiyo ya kuamini. Maneno ya muuzaji yasikutoshe.

Sinthesaiza za zamani zina betri ndogo ya volti 3 inayotunza sauti ulizotengeneza mwenyewe. Tukiitoa, sauti hizo zinaweza kufutika. Kama bendi yenu ina sauti zake za miaka, tuambie kabla hatujafungua, ili tuzihifadhi kwanza kwenye flopi au kwa waya wa MIDI, ule wa kuunganisha kinanda na kompyuta. Huu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Tunajua uzito wa sauti ambayo masikio ya watu yameizoea.

Iwapo chipu yenye kumbukumbu ya sauti za kinanda imeungua, tutakueleza wazi. Dukani haiuzwi, na njia iliyobaki ni kuitoa kwenye bodi ya kinanda kingine cha aina hiyo hiyo. Kikipatikana, tunajaribu. Kisipopatikana, hatutakutoza kwa matumaini.

Kinanda kikimwagikiwa chai au kikinyeshewa, usikiwashe "kuona kama bado kinafanya kazi". Umeme ukikutana na maji hayo, shaba inaliwa ndani ya muda mfupi. Chomoa adapta, toa betri zote, kilaze kifudifudi juu ya kitambaa, ukilete siku hiyo hiyo ikiwezekana. Njoo na adapta yake, na karatasi yenye orodha ya vitufe vilivyonyamaza, ukihesabu kuanzia kushoto.