Kabula, nimeliona hekalu la Nile

Bronx, New York
Jumapili jioni

Kabula shoga yangu,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje na mguu wake? Mwambie namwombea kila siku. Sisi huku wazima, ila baridi ya Oktoba imeanza kuuma.

Tangu Ijumaa kuna jambo halinitoki kichwani. Unajua kazi yangu ya kutunza wazee, mchana wangu wote ni wa watu. Sasa bibi ninayemhudumia akaniambia kwamba Metropolitan, lile jumba kubwa la makumbusho ya sanaa pale Fifth Avenue, Ijumaa na Jumamosi hufunguliwa mpaka saa tatu usiku. Miaka minne nipo mji huu na sikujua! Nilipotoka kazini nikapanda treni namba 4 mpaka mtaa wa 86, nikamalizia kwa miguu. Wageni hulipa dola 30, lakini sisi wakazi wa jimbo la New York tunatoa tulichonacho. Nilitoa dola 5, na dada wa tiketi akanikaribisha vizuri kabisa.

Juu kwenye roshani walikuwa wanapiga fidla, na watu walikuwa wachache, wanatembea polepole kama waliotoka ibada ya jioni. Nikaelekea kulia, upande wa Misri. Majeneza na sanamu nilizipita haraka, maana mwisho wa vyumba vile niliona mwanga, na nilipoingia nikasimama hapo hapo.

Kabula, ndani ya nyumba mna hekalu zima. La mawe ya mchanga, lina lango lake mbele, na limezungukwa na maji yaliyotulia. Ukuta wa upande mmoja ni wa kioo kitupu, nje ni miti ya Central Park. Nilifika jua linazama. Kadiri nje kulivyoingia giza, ndivyo hekalu lilivyozidi kuonekana kwenye kile kioo, mpaka yakawa mahekalu mawili, moja la mawe na moja la mwanga. Mchana usingeona hivyo.

Linaitwa hekalu la Dendur. Lilijengwa kama mwaka 15 kabla ya Kristo, huko Nubia, ukingoni mwa Nile, kwa amri ya Kaisari Augusto. Ndiyo, yule yule wa amri ya kuhesabiwa watu tunayosomewa kila Krismasi! Ukutani wamemchonga amevaa kama farao, anawatolea miungu sadaka. Na pamoja na Isis, mungu wa kike wa Misri, waliheshimiwa humo vijana wawili wa chifu wa Wanubi, Pedesi na Pihor. Nilichuchumaa kuangalia chini ya ukuta: wamechonga mafunjo na yungiyungi, yamesimama kwa safu kama yameota majini. Mafunjo, Kabula, yale yale ya kwetu Mwanza, Ziwa Victoria! Kwenye jiwe jingine kuna msafiri wa Marekani aliyechimba jina lake, L. Bradish, na mwaka 1821. Liliniuma kidogo kuliona.

Nikakaa kando ya maji nikakumbuka mwalimu wetu wa jiografia, alivyokuwa akituonyesha ziwa kwa kidole na kusema maji haya yanatoka ziwani pale Jinja, Uganda, yanaingia mto Nile na kwenda mpaka Misri. Tulikuwa tunaitikia tu. Ijumaa ndipo nilipoelewa. Maji tuliyoogelea Kirumba yalipita mbele ya hekalu hili.

Na maji hayo hayo nusura yalimeze. Bwawa la kwanza la Aswan lilipokamilika mwaka 1902, hekalu likawa linazama miezi mingi kila mwaka, na rangi zake zikaondoka. Walipoanza kujenga bwawa kubwa, Wamisri wakalibomoa jiwe kwa jiwe mwaka 1963, wakaipa Marekani kama shukrani kwa kusaidia kuokoa mahekalu ya Nubia. Lilikuja kwa meli ndani ya makasha 661, zaidi ya tani 800, na watu wakaanza kuliona hapa mwaka 1978.

Lakini Wanubi wenyewe, makumi ya maelfu, nao walihamishwa. Vijiji vyao na mitende yao viko chini ya maji mpaka leo. Mawe yalipewa namba na kupangwa upya kama yalivyokuwa. Nyumba ya bibi ya mtu nani aliipa namba? Machozi yalinitoka, sikufichi. Mlinzi mmoja, mzee wa makamo, aliniona, akasogea mbali kidogo aniachie nafasi. Nilimshukuru moyoni.

Saa tatu kasorobo wakaanza kututoa. Upande wa sanaa za Afrika sikufika kabisa, itakuwa Ijumaa nyingine. Picha nimekutumia kwenye simu. Ile ya giza ndiyo uitazame vizuri, uione ile taswira kwenye kioo.

Ukishuka mwaloni kununua dagaa, nirekodie mawimbi kidogo unitumie.

Shoga yako,
Joyce